Mstari wa Watoto

Siku ya kuniaga mlikata keki, mkaimba, halafu kijana wa kompyuta akasimama akasema mngependa niwaandikie mambo ya masjala ya mirathi kabla sijayasahau. Nilicheka nikasema tutaona. Sikuwa na nia yoyote. Sasa nimekaa nyumbani miezi minne. Nimepogoa kila mti unaokubali kupogolewa, nimepanga upya kabati la vyombo ambavyo natumia kimoja tu, na bado saa nne asubuhi inanikuta nimemaliza kazi za siku nzima. Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa viwili, na mishahara mnaijua.

Nilifika mahakamani Nyeri mwezi wa saba, ule wa ukungu, nimevaa suti ya kuazima na viatu vinavyobana. Nilidhani nitakaa karibu na hakimu. Nikapelekwa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta, na humo nikamkuta Mzee Ndirangu, karani wa mirathi, amevaa sweta mbili na koti juu yake, anashona faili kwa sindano ya gunia. Hakuinua macho. Alinisukumia rundo la karatasi na rili ya uzi mweupe, akasema, "Shona. Ukimaliza hizo, kuna zingine." Nilishona wiki nzima. Siku ya nne nilimuuliza kwa nini tunajichoma vidole na stepla ipo pale mezani.

"Stepla inashika kutu," akasema. "Kutu inakula jina. Na jina ya mtu ikiliwa hapa, huyo mtu hana shamba."

Panya waliokaa nyuma ya rafu hawakuyaheshimu majina kiasi hicho, lakini nilimwelewa. Tangu hapo nimeshona faili zangu zote kwa mkono, hata mlipokuwa mkinicheka.

Wiki ya pili alinifundisha jambo ambalo masjala yetu imesimama juu yake. Alichukua bahasha iliyotumika, akachora nukta, akavuta mstari kwenda chini, na chini yake nukta nyingine, na nyingine. Nukta ya juu ni marehemu, akasema. Zilizo chini ndizo sheria inaziita uzao wa moja kwa moja. Anayetoka kwako, na anayetoka kwake, hivyo hivyo kuteremka. Ndugu yako hatoki kwako, mmetoka mahali pamoja tu. Mpwa wako hatoki kwako hata ukimsomesha mpaka chuo kikuu. Mke wako hatoki kwako, lakini yeye ana mlango wake mwenyewe wa kuingilia. Watoto ndio wa kwanza, wavulana kwa wasichana, walioolewa na wasioolewa, waliozaliwa ndani ya ndoa na waliozaliwa kabla yake, na yule aliye tumboni siku ya mazishi. Mjukuu husubiri nyuma ya mzazi wake. Mzazi akiwa hai, mjukuu hana sehemu yake. Mzazi akiwa amekufa, mjukuu husogea mbele akakaa kwenye kiti cha mzazi wake, na wakiwa watano watabanana kwenye kiti hicho kimoja.

Nilidhani nimemaliza kujifunza. Nilikuwa nimejifunza sehemu ya kitabuni tu. Watu wanaokuja kaunta hawaji na bahasha iliyochorwa. Wanakuja na barua ya chifu yenye orodha ya waliobaki, na orodha hiyo chifu ameandikiwa na mtu mwenye haja yake.

Asubuhi moja walikuja ndugu wawili kutoka Othaya, wamemshika mama yao kila mmoja upande wake. Barua ilisema marehemu ameacha mjane na watoto watatu: Mwangi, Gachanja na Wangui. Mihuri ilikuwa sawa, na mimi nilikuwa tayari kuipokea. Mzee Ndirangu alikuja kutoka nyuma na kikombe chake cha chai, akaisoma kwa kusimama, kisha akamgeukia yule mama kwa upole kana kwamba anamjulia hali nyanya yake.

"Cucu, mama ya mzee wako aliitwa nani?"

"Nyokabi."

"Na mama yako wewe?"

"Wangui."

"Sasa Nyokabi wako ako wapi?"

Mwangi akakohoa. Gachanja ndiye aliyejibu. "Ah, huyo aliolewa Karatina kitambo. Ako kwao. Si hata hajalalamika?"

"Hajalalamika kwa sababu hajaambiwa," Mzee Ndirangu akasema, akamrudishia barua. "Rudini na yeye. Na mumbebe vizuri, barabara ni mbaya."

Ninyi mliozaliwa huku mnaijua kawaida hii kiasi kwamba hamuioni tena. Msichana wa kwanza huitwa kwa mama wa baba yake, wa pili kwa mama wa mama yake. Mvulana wa kwanza kwa babu wa upande wa baba, wa pili kwa babu wa upande wa mama. Ukiona orodha yenye msichana wa pili na hakuna wa kwanza, uliza. Kijiji kizima kinaweza kunyamaza, chifu akanyamaza, mjane akanyamazishwa, lakini majina hayajui kunyamaza. Kwa njia hiyo niliwapata mabinti wengi sana katika miaka yangu. Wengine walifika kaunta wakilia. Mmoja alifika na mawe mkobani, akisema ni ya kaka zake.

Kuna siku nilijiona hodari kupita kiasi. Mama mmoja mfupi, mjane wa mwezi mmoja, alileta orodha yenye pengo la mvulana wa kwanza. Nilimkazia. Nilimuuliza mara tatu mtoto yuko wapi, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumshika mwizi. Mara ya tatu akaniambia alimzika akiwa na wiki mbili, na hakuna aliyemtaja kwa jina tangu siku ile mpaka mimi. Mzee Ndirangu aliniita nyuma. Hakunifokea. Alisema pengo linakuonyesha tu kwamba kuna pengo, halikuambii ni la nini, na kwamba wiki hiyo nitarudi kushona. Nilishona. Nawaambia hili kwa sababu mfumo wa sasa unakubali orodha yoyote mradi kila kisanduku kimejazwa, kwa hiyo ni ninyi mtakaouliza, na kuna namna ya kuuliza.

Mzee Ndirangu alistaafu akarudi kwao, nami nikarithi kiti chake, na sindano, na baridi ya kile chumba. Kesi zilizonisumbua zaidi zilikuwa za wajukuu. Binti amezaa nyumbani, hajaolewa, watoto wamelelewa na babu na nyanya, na kitambulisho kinapotafutwa, mahali pa jina la baba linawekwa jina la babu. Babu anapokufa chifu anawaandika wote kuwa watoto wa marehemu, na hadanganyi, anaandika alichokiona. Nami pale kaunta ilikuwa kazi yangu kuwaambia vijana wakubwa wenye ndevu kwamba yule waliyemwita baba alikuwa babu yao, na kwamba mama yao akiwa hai watapitia kwake. Wengine walikuwa hawamwiti mama. Walimwita kwa jina lake, kama dada mkubwa. Nimeona kijana akisoma karatasi hiyo mara mbili, akaikunja, akatoka bila kuaga. Watu wa Majengo waliokuja kwangu wakiwa Waislamu niliwaelekeza kwa kadhi, ambaye ana hesabu yake, na mara nyingine niliwaonea wivu kwa kuwa hawakulazimika kunisikiliza.

Kuna kifungu kingine nilichokisoma kaunta mara nyingi mpaka nikakijua kwa moyo. Kinasema mtoto wa mwanamume ni pamoja na yule ambaye hakumzaa, lakini amemtambua waziwazi au kumkubali kuwa wake. Hakisemi lazima karatasi. Hakisemi lazima mahakama. Fundi mmoja wa mbao alikufa, ndugu zake wakaja kumtoa kwenye orodha kijana aliyekuja na mama yake akiwa mdogo, wakisema huyu si damu. Kijana hakuwa na kitu mkononi isipokuwa fomu ya kujiunga na shule, na pale penye neno mzazi, marehemu alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino, akalipitia mara ya pili ili lionekane. Niliwasomea kifungu polepole, na nilifurahi kukisoma. Nilirudi nyumbani jioni ile nikala, nikasikiliza habari, nikalala. Sikuona kwamba kifungu kinanihusu.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Nilimwoa Wangechi wa Mukurweini. Wengi wenu mlimjua kwa zile ndizi alizokuwa akiniletea ofisini, ambazo mlizimaliza kabla mimi sijaonja. Nilipokwenda kwao mara ya kwanza, alikuwapo mtoto wa miaka mitatu anayeitwa Ngatia, jina la babake Wangechi. Sikuhitaji kuelezwa. Binti akizaa nyumbani, mtoto huitwa kwa watu wa nyumbani. Wangechi hata hivyo alinieleza mwenyewe, bila kuficha, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa shamba la kahawa. Nilisema sina neno. Nilisema mtoto abaki kwa cucu yake kwanza, sisi tujipange, kisha tutamchukua. Hilo neno "kwanza" lilikaa maisha yote ya Wangechi.

Hatukujaliwa mtoto. Tulikwenda hospitali, tukaenda nyingine, tukaombewa, na baada ya miaka tukaacha kulizungumza. Watu wa huku humwita mwanamke kwa mtoto wake, Mama Fulani, na yeye watu wa mtaa wetu walimwita Wangechi tu, mpaka akawa na mvi. Alikuwa na mtoto. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikwenda Mukurweini na mfuko wa unga, sabuni, na wakati mwingine sare ya shule iliyokunjwa chini kabisa. Mimi niliuona ule mfuko ukitoka mlangoni. Sikuwahi kuuliza una nini, wala sikuwahi kuubeba.

Mara moja tu alikuja kwetu, likizo ya Agosti, akiwa na miaka kama kumi. Alikaa siku tatu. Alikuwa mtoto wa adabu, na ile siku ya pili nilimfundisha kutia uzi kwenye sindano ya gunia kwa kuulamba kwanza, naye alijua upesi. Siku ya tatu jirani yetu, Mama Wahome, alisimama langoni na kabichi lake mkononi akaniuliza, "Bwana Theuri, huyu kijana ni wako? Mnatembea sawasawa."

"Hapana," nikasema. "Huyu ni wa kwao mama yake."

Mtoto alikuwa kwenye mfereji akiosha viatu. Alimaliza kuviosha, akaviweka juani vikiwa vimeelekea njia, na jioni akamwambia Wangechi anataka kurudi kwa cucu. Wangechi alisema ni upweke wa mtoto asiyezoea. Mimi nilisema ndiyo, ni upweke. Hakuja tena.

Babake Wangechi alipozeeka alimpa binti yake kipande cha shamba, kahawa kidogo na migomba, akakiandikisha kwa jina lake. Kwa mila ya wazee wa rika lake lilikuwa jambo la ajabu, na kaka zake wawili walinuna. Mzee alisema mbele yangu sababu yake. Ni ili kijana awe na mahali pa kukanyaga.

Wangechi alikufa kabla ya mimi kustaafu, kwa ugonjwa ambao ulimchukua wiki sita. Mlikuja wote mazishini, na sijawashukuru ipasavyo. Programu ya mazishi niliiandika mimi. Nilikuwa nimeandika orodha za watu maisha yangu yote na hii niliiandika kwa saa moja. Amezaliwa wapi, amesoma wapi, ameolewa na nani. Kisha nikaandika kwamba hakujaliwa watoto, bali aliwapenda wa wengine. Hata nilidhani nimeandika vizuri. Kule kaburini, wanaume walipokuwa wakipokezana sepetu, nilimwona mtu mrefu wa miaka arobaini akitupa udongo kwa bidii kuliko wote. Alichukua hata zamu za wengine wawili. Alipomaliza alifuta mikono kwa ile programu, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaondoka kabla ya chakula.

Nilipokwenda kwa naibu wa chifu kuchukua barua ya kuanzisha mirathi ya shamba lile, nilikuta ameshaiandika. Alikuwa mazishini, alikuwa na programu. Barua ilisema marehemu ameacha mume, na hakuwa na mtoto. Shemeji zangu walioijua kweli walikwisha kutia sahihi kama mashahidi, na nilijua kwa nini. Bila mtoto, mimi ningelitumia shamba mpaka nife, halafu lingerudi kwao. Kukiwa na mtoto, ningelitumia mpaka nife, halafu lingekwenda kwake. Kwangu mimi hakikubadilika kitu. Hiyo ndiyo sababu siwezi kusema nilishawishika kwa tamaa. Nilishawishika kwa aibu, na aibu ni mshawishi mzuri zaidi.

Nilikaa na barua ile mezani muda mrefu, na nikaikagua kama karani. Ingepita. Nyokabi wa Othaya alionekana kwa sababu nduguze walitajwa na yeye hakutajwa. Orodha ya mke wangu ilikuwa tupu, na orodha tupu haina pengo. Hakuna mmoja wenu ambaye angeuliza, maana mlinijua, na mngenionea huruma, mkaipiga mhuri kabla ya zote.

Jumanne moja nikaenda Kiganjo. Ngatia ni fundi wa kushona. Ana kibanda karibu na chuo cha polisi, na kazi yake kubwa ni kupunguza suruali za makurutu, ambazo hutolewa zikiwa za watu wanene kuliko wao. Alinitambua kabla sijafika mlangoni. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kusema.

"Karibu mzee. Kaa hapo, hiyo kiti iko sawa."

Nikakaa. Aliita, na msichana wa miaka kama kumi na miwili akaja kutoka nyuma na thamosi.

"Wanjugu, letea mzee kikombe."

Nilimtazama yule mtoto nikauliza, nami nilikuwa najua kwamba ni swali la kazini. "Huyu ni wa kwanza?"

"Wa kwanza. Wengine wawili ni wavulana."

Wanjugu ni jina la mama yake Wangechi, cucu aliyemlea. Msichana wa kwanza huitwa kwa mama wa baba yake. Katika nyumba ile mke wangu alikuwa ameandikwa mahali pengine, sijui wapi, lakini si mahali pa mama. Nadhani uso wangu ulisema, kwa sababu Ngatia aliacha kukanyaga cherehani.

"Hata mama aliniuliza hiyo jina siku mtoto alizaliwa," akasema. "Nikamwambia aliyenilea ni cucu. Hakukasirika. Alimshika mtoto tu."

Miaka kumi na miwili. Wangechi alirudi nyumbani siku ile na hilo kifuani, akanipikia, na hakuniambia.

Nikamtolea barua. Aliisoma kwa kuifuata na kidole.

"Ati hakuwa na mtoto," akasema. "Ni wewe uliwaambia?"

"Sikuwaambia. Waliitoa kwa programu ya mazishi."

"Na programu ni nani aliandika?"

"Ni mimi."

Alirudisha suruali chini ya sindano, akashona mguu mmoja mpaka mwisho, akakata uzi. Kisha akauliza, "Unataka nini, mzee?"

Nikamweleza. Barua hii nitairudisha ichanwe. Nataka cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama, na nakala ya kitambulisho. Yeye ndiye mtoto wake wa pekee, shamba ni lake, na sehemu yangu ya kulitumia nitaiachia sasa, sihitaji kukaa juu ya migomba ya mtu. Nilieleza vizuri, kama ninavyowaeleza watu kaunta, na nikasikia jinsi sauti yangu inavyokuwa tulivu ninapoongea mambo ya karatasi.

"Sawa," akasema. "Hiyo nitachukua. Guka, babake mama, alisema ni yangu, na mimi niko na watoto. Sitakuambia ati sitaki."

"Ni haki yako."

"Najua ni haki yangu."

Hapo ningeaga. Badala yake nikasema lile ambalo, sasa naona, ndilo lililonipeleka Kiganjo. Nikamwambia sina mtoto. Nikamwambia sheria ina kifungu, mwanamume anaweza kumkubali mtu kuwa mtoto wake, na haisemi mwisho ni miaka mingapi. Nina hii nyumba ya Nyeri, na vitu vyangu. Ningependa kumwandika. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno haya nyumbani kwa siku nne, mbele ya sinki la vyombo, na bado yalinitoka yakiwa yamepinda.

Ngatia hakukasirika. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. Alipima kiuno cha suruali nyingine, akaandika namba kwa chaki.

"Hapana, mzee. Kwa mama niandike. Kwako usiniandike."

"Sijasema uamue leo."

"Mimi niliamua nikiwa mtoto. Nilikusikia pale kwa gate." Akanitazama usoni mara ya kwanza tangu nifike. "Haukuwa mbaya kwangu. Ulisema tu mimi si wako, na hiyo ni ukweli. Sasa tuache ikae hivyo."

Miaka thelathini nilijiambia kwamba maji ya mfereji yalikuwa yakipiga kelele. Nilikuwa nimesoma kifungu kile kwa mamia ya watu, kwamba kumkubali mtoto hakuhitaji karatasi, kunahitaji kauli tu mbele ya mtu mwingine. Mama Wahome angetosha. Alikuwa amesimama pale na kabichi, ananingoja niseme.

Ngatia alinipa cheti na nakala siku hiyo hiyo, ndani ya bahasha safi, na Wanjugu akanisindikiza mpaka barabarani kwa kuwa babake alimwambia. Alikuwa mtoto mchangamfu. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba mimi nilifanya kazi kortini na kama niliwahi kufunga mtu jela. Nikamwambia nilikuwa wa karatasi tu. Hakuniita guka. Aliniita mzee, kama babake.

Naibu wa chifu aliandika barua mpya bila kupenda. Shemeji zangu hawanisalimii sasa. Nilipoleta faili pale kwenu, kaunta alikuwa binti mgeni asiyenijua, na ilikuwa afadhali. Aliuliza kwa utaratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, marehemu alikuwa na watoto wangapi. Nikasema mmoja. Nimefanya kazi katika jengo lile miaka yote ile, na ilikuwa mara ya kwanza kulisema humo. Binti akaandika moja, akaendelea na kisanduku kinachofuata. Tangazo litatoka, siku thelathini zitapita, na Ngatia atapata hati yake. Hiyo nimeimaliza. Nyumbani nikakuta vyombo vyangu nilivyoacha, sufuria moja na kikombe kimoja, nikaviosha tena ingawa vilikuwa safi.

Kwa hiyo somo langu la mwisho kwenu ni dogo na la kazini tu. Siku moja mtapokea faili yenye jina langu. Ataileta mtoto wa kaka yangu, ambaye hatoki kwangu lakini sheria itamfikia kwa kukosa aliye karibu zaidi. Mtaona mstari wa watoto hauna kitu, na yule kati yenu atakayekuwa amenisoma hapa atashika simu amtafute fundi wa Kiganjo, kwa wema, akidhani ananitendea haki. Asifanye hivyo. Hakuna mtu aliyefichwa katika faili yangu. Nilimwendea mwenyewe, nikamwomba, akakataa, na alikuwa sahihi. Andikeni hakuna.